Mvumo Ambao Jana Haukuwepo

Jumanne, 4 Machi
Fundi cherehani, mama wa miaka sitini na nane, kaletwa asubuhi na mumewe. Shambulio la moyo. Saa nne mshipa ulishazibuliwa. Presha nzuri. Kifua nimekisikiliza mwenyewe: safi. "Mwanangu, nina magauni ya harusi hayajapigwa pindo," ananiambia. Mgonjwa au bosi?

Jumatano, 5 Machi
Mambo yaliharibika saa tatu asubuhi. Presha sabini kwa arobaini. Mikono ya baridi, jasho, maneno hayatoki. Bingwa wetu wa moyo akasema moyo umechoka, tuongeze dripu ya kuusukuma. Tukaongeza. Presha ikashuka. Tukaongeza tena — sitini na mbili!

Nikaweka stetoskopu. Mvumo ndani ya moyo! Mkali kama msumeno. Jana haukuwepo, naapa. Bingwa akasema hakuna muda, nikazungumze na mumewe, nimwandae kwa lolote. Nikamkatiza. Mimi, daktari wa miezi mitano!
"Samahani, mkuu. Dakika mbili za picha ya moyo tu."
Akanitazama. "Mbili."

Picha ikasema yote. Ncha ya moyo imelala, lakini juu misuli inabana kwa fujo, na kipande cha vali, kilango cha moyo, kinavutwa, kinaziba njia ya damu kutoka. Dawa yetu ndiyo ilizidisha kubana! Bingwa akaisogelea skrini. Kisha: "Funga hiyo dripu. Maji, haraka. Inua miguu." Halafu dawa ya kutuliza mapigo, kidogo kidogo. Muuguzi akasoma presha kama mtangazaji wa mpira: sabini na nne... themanini na nane... mia na mbili!

Niliingia stoo ya mashuka nikarukaruka peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Vidole vyake vina joto. Mvumo umefifia, karibu haupo. Bingwa mbele ya wote: "Nilikuwa namzamisha. Huyu kanizuia." Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Leo anatembea mara ya kwanza. Muuguzi kampa hatua kumi, mpaka mlangoni, basi. Naandika huku namtazama. Mumewe anahesabu kwa kunong'ona, kamshika kiwiko. Nane. Tisa. Kumi — amefika! Mumewe anamwambia ageuke, mke wangu, taratibu.
"Geuka wewe," anamjibu.
Yuko koridoni! Muuguzi anamkimbilia na kiti, ananipigia kelele daktari mwambie — nimesimama, nacheka, na yeye bado anaenda —