Madam Hakuwa Mlokole

Jumanne, 8 Aprili 2025

Filamu mpya imefika kwa flash kutoka ng'ambo. Emuron ameileta mwenyewe – anatafsiri filamu kwa maiki kama mimi, upande wa Malaba ya Uganda na huku pia akipata nafasi. Anasema wenzake wote wameikataa. Haina bunduki hata moja!

Ni ya Kifaransa, ya enzi za wafalme na mawigi. Nimeitazama asubuhi ukumbi wa video ukiwa mtupu, maandishi ya Kiingereza yakipita chini. Nasimamisha, narudisha, nasimamisha tena. Ni hadithi ya mwanamke mwandishi. Ameandika kitabu kuhusu wakubwa – askofu, hakimu, mume wake mwenyewe – na mambo wanayofanya wakishavua yale mawigi. Kitabu kinapigwa marufuku. Yeye anafungiwa katika jengo la zamani la watawa, ananyang'anywa karatasi, ananyang'anywa wino. Wanamwambia akikikana kitabu mbele ya watu, atatoka siku hiyo hiyo. Hakikani. Anapiga magoti usiku na kuandika sakafuni kwa kipande cha mkaa. Chai yangu imepoa kabisa na sikujali.

Kitu kimoja kimeniudhi. Filamu nzima hakuna anayekisoma hicho kitabu kwa sauti! Watu wanazimia, wanakichoma, na sisi hatuonyeshwi hata ukurasa.

Nimempa jina: Madam. Askofu ni Mzee Kofia. Nataka kuitafsiri hii kuliko nilivyowahi kutafsiri nyingine yoyote. Nimechoka kupiga kelele kwenye maiki, "adui yuko nyuma yako".

Jumatano, 9 Aprili

Boss wangu, Okumu, ameharibu kila kitu.

Wazee wa mtaa walikuwa kwake jana na Pastor Robinson. Kwamba kumbi za video hapa Burumba, Busia, zinaharibu vijana, na kwamba mpaka Pasaka iishe, Okumu aonyeshe filamu za Mungu au afunge. Sasa Okumu hana filamu za Mungu. Anayo moja tu, ya Yesu, na watu wameiona mpaka wanajua punda anaingia saa ngapi.

Akanikuta nikifanya mazoezi. Madam alikuwa kwenye skrini, amepiga magoti, mkaa mkononi. Uso wa boss ukang'aa.

"Hii iko na msalaba kwa ukuta. Iko na mtu amepiga magoti," akasema. "Wewe sema tu ni mlokole, amefungwa juu ya Injili."

Nikamweleza huyu amefungwa kwa ajili ya mambo ya chumbani. Akauliza nani atajua. Ni Kifaransa, na maandishi ya chini tutayazima. Nikamuuliza, na askofu je? Akasema: Huyo nimfanye mchawi.

Nikakataa. Akaniambia bila hata kukasirika: "Alinga, wewe ndio sauti. Ukisema ni mtakatifu, huyo ni mtakatifu." Na kama siwezi, Emuron ataweza.

Emuron! Mtu wa mzaha mmoja katika kila filamu! Nimekubali. Nimekasirika na nimekubali.

Ijumaa, 11 Aprili

Onyesho la kwanza. Kila kitanda kikitokea, Okumu anasimama mbele ya projekta na kuweka kofia yake pale, ukuta wote unakuwa mweusi, na mimi nasema, "Hapa anaombewa." Mara ya kwanza walikaa kimya. Mara ya tatu vijana walicheka mpaka benchi likaanguka.

Halafu ikafika ile sehemu ya baraza. Mzee Kofia anasimama, anamuuliza kama anakana. Nikasema, anamuuliza kama anaikana imani yake. Madam akainua uso, nikamtolea sauti: "Siikani." Ukumbi mzima ukapiga haleluya. Mama Akumu, yule anayeuza dagaa wa omena hapo mlangoni, alilia mpaka leso ikalowa.

Akanishika mkono wakati wa kutoka. Akauliza mbona huyo dada akiomba mkono unatembea chini. Nikasema ni kulemewa na Roho. Akanitazama kidogo, akasema haya.

Sijawahi kupigiwa makofi kama leo. Nimeenda nyumbani nikiwa na hasira na kila mtu.

Jumapili, 13 Aprili

Imejaa tena. Wametoka hadi Nambale, na matawi yao ya mitende mkononi. Nachukia.

Jumatano, 16 Aprili

Mama amepiga simu kutoka Angurai. Amesikia sokoni kwamba siku hizi nahubiri. Amekuwa akiniombea miaka yote hii nikiwa, kama anavyosema yeye, mtoto wa video. Amelia. Sikupata pa kuingiza neno. Anakuja Jumatatu ya Pasaka kuniona.

Kuniona nikifanya nini, Mama? Nikidanganya watu kwa kipaza sauti!

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Pastor Robinson mwenyewe alikuja ukumbini, viatu vimejaa matope. Anaitaka filamu kanisani Jumatatu alasiri, idara zote zikiwepo. Sehemu ya baraza ikiisha atasimama na kuita wanaotaka kuokoka. Na kuna kikundi kipya cha akina mama, kimeamua kuitwa kwa jina la Madam.

Akaniuliza aliishi mwaka gani, atie katika mahubiri. Nikamwambia mwaka. Hivi hivi tu, kutoka hewani! Akashukuru.

Pastor si mtu mbaya, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Alinisalimia kwa mikono miwili. Angekuwa mkali ningejua la kufanya.

Yule askofu wa kwenye filamu alichoma kitabu tu. Mimi nimemfuta mwandishi mwenyewe mzima mzima, na watu wananishukuru. Mwanamke alikaa gizani akiandika kwa mkaa ili wamsikie, halafu anafika Busia anamkuta Alinga.

Nimemwambia Okumu sitaki kwenda. Anasema nimalize Jumatatu tu, kisha nichague filamu yoyote nitakayo. Amesahau kwamba ni hii niliyoichagua.

Jumapili, 20 Aprili

Nimemwambia boss koo linauma. Ameniletea tangawizi.

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika nikiwa katika ofisi ya Pastor, nyuma ya madhabahu. Mlango umefungwa kwa nje. Okumu anasema ni kwa usalama wangu. Usalama gani! Nasikia mvua kwenye mabati na watu wakinong'ona, na bado hakuna aliyeenda nyumbani.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi. Mama alikaa mbele, kitambaa cha bluu kichwani, kile cha harusi za watu. Alinionyesha kwa jirani yake. Niliona kidole chake.

Nilianza vizuri. Nilimpa Madam wokovu, nikampa Mzee Kofia uchawi wake. Okumu alikuwa na kofia yake kwenye projekta. Madam akapiga magoti, nikasema anaomba. Wakaguna amina. Kikundi kipya kilikuwa kimeshona vitambaa vya aina moja, wamekaa safu moja, na nilipowaona wakimwigiza – wamefumba macho, mikono imekunjwa kifuani – nikamtazama Madam upya. Mikono ya Madam haijakunjwa hata mara moja katika filamu ile. Hata mara moja!

Baraza likafika. Pastor alikuwa amesimama tayari pembeni. Mzee Kofia akauliza. Neno "imani" lilikuwa mdomoni kabisa.

Nikasema: "Anamuuliza kama anakikana kitabu chake. Huyu si mchawi, ni askofu. Na Madam hakuwa mlokole. Aliandika kuhusu askofu na hakimu na bwanake, vile wanafanya wakivua nguo. Mimi ndiye niliwadanganya."

Madam akainua uso, na nikamtolea jibu lake, kwa sauti ile ile ya siku zote: "Sikikani."

Hakuna haleluya. Mtu mmoja nyuma alicheka. Pastor akapunga mkono, projekta ikazimwa. Mama hakugeuka. Alikuwa anatazama ukuta mweupe kama vile picha bado iko.

Okumu ameingia hapa sasa hivi na kutoka. Nilidhani atanitukana. Amenibembeleza! Anasema wamekubaliana na Pastor. Nirudi mbele, niseme ulimi uliteleza. Niseme shetani alinipitia kidogo. Watarudisha nyuma mpaka swali la askofu, mimi nitasema imani, watu wataokoka, wataenda nyumbani.

"Ni neno moja tu, Alinga," amesema. "Mama yako amekaa pale."

Anajua pa kugusa. Na Emuron yuko tayari karibu na spika, namwona kwenye ufa wa mlango, ameshika maiki yangu. Kitambaa cha bluu nakiona pia. Hakijasogea.

Neno moja. Madam naye alikuwa anaombwa neno moja tu. Na ukweli ni kwamba sijui hata alikuwa anatetea nini, sijasoma kile kitabu, hakuna aliyekisoma! Kama kilikuwa kitabu kibaya? Kama kilikuwa upuuzi mtupu, na mimi nimemvunja mama yangu moyo kwa ajili ya upuuzi wa Mfaransa?

Kuna mtu dirishani.

Ni Mama Akumu. Amejifunika karai la omena kichwani, mvua inampiga mgongoni, ameleta uso hadi kwenye vyuma. Nimemwambia anisamehe.

"Nilijua anaandika," amesema. "Mkono wa mtu anaomba hautembei hivyo. Sasa aliandika nini?"

Nimemweleza kwamba filamu haisemi. Kwamba hakuna mahali wanakisoma. Amenitazama kama ninamficha kitu. Nyuma yake wamesogea wengine, wawili, sasa watatu, wamejibana chini ya paa, vitambaa vyao vipya vimelowa. Mmoja wao amesema hawawezi kuitwa kwa jina la mtu ambaye hawajui alisema nini.

Nimewaambia tena, sijui.

"Si wewe ndio sauti yake?" Mama Akumu amesema.

Okumu anagonga. Anauliza kama niko tayari. Nimesogea dirishani. Mama Akumu ameshusha karai, amelifunika juu ya ndoo iliyokuwa hapo nje na kukaa juu yake, sikio kwenye vyuma, anasema nisiharakishe, niwasimulie hicho kitabu, nianze na huyo bwanake.