Daktari wa Minyoo

Mwaitu, mama yangu,

Ile siku uliyokuja kwangu maabara Nairobi, nilikuweka mbele ya hadubini ukachungulia, ukacheka mpaka leso ikaanguka. "Mimi nimenunua dawa ya minyoo maisha yangu yote, na wewe kazi yako ni kuwalisha?" Nikakueleza hawa si wale wa tumboni. Wanaishi mchangani, hawamdhuru mtu, na macho yanapenya mwili wao kama kioo. Ukimwangalia mmoja tangu yai unaona kiumbe kinavyojijenga, na hapo ndipo tunapoanza kuelewa mwili wa mtu. Ukaitikia tu. Kisha ukarudi huku mjini Wote, ukawaambia akina mama wa kanisa binti yako ni daktari wa minyoo.

Sasa umeenda, na hilo jina umeniachia. Baba hawezi kuamka bila kushikwa, na ndugu zangu wameamua nitakaa naye mimi, kwa vile sijaolewa. Kazi yangu amepewa mtu mwingine. Kila asubuhi nikifungua mlango nakuta watu kwenye benchi yako ya nje, na watoto wao. Nikisema sina dawa, wanafikiri naringa. Nikinyamaza, wanangoja. Siwezi hata kwenda kuteka maji. Nimechoka, Mwaitu.

Ukweli kwamba mimi si daktari niliumeza kwa ajili yako. Wangesema ulikuwa mwongo, na hata udongo wa kaburi lako haujakauka.

Juzi jirani yetu Mama Mutua alimleta kijana wake, tumbo limevimba, macho ya manjano. Hakuwa amempeleka hospitali. Alikuwa akingoja nimalize matanga. Nikamwambia aende saa hiyo hiyo, mimi si daktari, sijawahi kutibu hata kuku.

Akaniangalia sana. "Kwa hivyo mama yako alitudanganya?"

Nikasema hapana. Nikasema ni mimi niliyekudanganya wewe.

Mutua amelazwa, na wanasema atapona. Benchi iko tupu. Leo kanisani hakuna aliyenipa mkono, na habari imefika kwa Baba. Amekataa uji kutoka kwangu, na hakuna mwingine wa kumlisha. Anauliza kwa nini nilikufanya ujivunie bure. Nimekaa hapa na kikombe, uji unapoa, nangoja afungue mdomo.

Lala salama, Mwaitu. Ataniuliza tena kesho, na kesho kutwa. Nakuahidi, hata yeye sitamwambia kuwa siku ile nilikueleza.

Binti yako