Kikombe Kilikuwa kwa Akello

Ijumaa. Mvua tangu alfajiri, na moyo wangu hauna hali.

Nadai hivi, na nitaitetea kauli yangu mbele ya yeyote: mpango wa kazi unaotumiwa na watu wengi lazima uwe na mkono mmoja tu ndani yake kwa wakati mmoja, na kikombe cha plastiki kiliilinda kanuni hiyo kuliko kompyuta zote za ofisi yetu. Kwa miezi mingi niliipinga kauli hii, tena kwa ufasaha. Leo ninaiandika mimi mwenyewe, na ninaiandika nikiwa nimechelewa.

Wasiofanya kazi nasi wanielewe. Shirika letu huchimba visima hapa Juba. Ratiba nzima, yaani mtambo wa kuchimbia uende wapi na lini, imo katika faili moja la programu ya kupanga miradi, ambalo sote hulifungua kutoka kompyuta kuu. Mmoja akiwa ndani, wengine huruhusiwa kusoma tu. Lakini jenereta ikizimika, programu husahau ni nani aliyekuwa ndani, na umeme ukirudi watu wawili huandika, wa pili akafuta kazi ya wa kwanza bila hata kujua.

Ndipo Akello, Mganda aliyesimamia usafirishaji, alipoleta kikombe cha buluu. Anayetaka kuubadilisha mpango hukichukua juu ya friji na kukiweka mezani pake; akimaliza, hukirudisha. Na mwenye kikombe ndiye anayejibu kwa kila kilichomo katika mpango.

Nilikicheka. Nimesoma Nairobi, nina shahada ya usimamizi wa miradi, nimesoma vitabu ambavyo ofisi nzima haijavisikia. Nikaombe ruhusa kwa chombo cha kunywea chai?

"Wewe mtu ya digrii," Akello aliniambia siku moja mbele ya wote, akicheka, "hata kama iko na vitabu mingi, ngoja kikombe."

Sikungoja.

Ijumaa moja, kabla mvua hazijaanza, nililinakili faili kwenye flashi, nikaenda nalo nyumbani Gurei, nikalirekebisha hadi Jumapili. Jumatatu asubuhi Akello alikuwa na kikombe. Aliuhamisha mtambo uanzie Lemon Gaba, kwa kuwa barabara ya huko ndiyo hufungwa na mvua mapema. Adhuhuri alitoka kutafuta dizeli. Kikombe alikiacha mezani pake, kwani hakuwa amemaliza.

Niliiweka nakala yangu, iliyoanzia Gurei, mahali pa ile ya Akello. Sikutazama alichobadilisha. Niliamini kwamba yangu ndiyo bora, na imani hiyo ilinitosha.

Meneja aliuchapisha mpango mchana uleule na kumkabidhi dereva. Mtambo ulikwenda Gurei. Akello alipogundua, uchimbaji ulikuwa umeshaanza. Na ulipokwisha, barabara ya Lemon Gaba ilikuwa matope matupu. Kisima chao kitasubiri kiangazi.

Katika kikao, meneja aliuliza swali moja tu: siku ile kikombe kilikuwa kwa nani?

"Kwangu," Akello akajibu.

Nilikuwa nimeketi viti viwili kutoka kwake. Mimi, ambaye hubishana na kila mtu kuhusu kila jambo, niliinamia daftari langu na kujifanya ninaandika.

Akaachishwa kazi.

Jana alikuja kukusanya vitu vyake. Alipomaliza, alikiweka kikombe mezani pangu.

"Mimi ilijua tangu ile siku ni wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nangoja wewe mwenyewe useme. Kalas, imeisha. Sasa chunga watu yako."

Laiti angenitukana. Matusi ningeyajibu.

Asubuhi hii amepanda basi la kurudi kwao. Mimi nimebaki chumbani, na kutoka hapa ninaisikia pampu mpya ya Gurei ikipigwa. Mama mwenye nyumba hunibariki kila anapopita na ndoo: "Mwanangu, umetukumbuka." Hajui kwamba maji ya ndoo yake yalikuwa ya mwanamke wa Lemon Gaba, ambaye leo ameteka maji mtoni.

Ninajiuliza ni kitabu kipi kati ya vyote nilivyosoma kilichonifundisha kunyamaza vile. Sikioni.

Meneja, najua unausoma ukurasa huu wangu wa mtandaoni. Uliwahi kuusifu mbele ya wageni. Usiniite ofisini, wala usinitumie ujumbe wa faragha. Akello alihukumiwa mbele ya watu, basi nawe nijibu mbele ya watu, hapahapa chini ya maandishi haya. Kikombe kilikuwa kwake. Mkono ulikuwa wangu.

Utamrudisha, au hutamrudisha?