Pumzi ya Minza kwenye Spika

Jumamosi usiku, Bariadi

Na wenzangu bado wanabisha! Mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyewafundisha leo, dukani kwetu tunakouza spika.

Ule wimbo wa kulimia pamba, ambao Minza alinirekodia kabla hajahamia Lamadi kwa shangazi yake, nimekuwa nikiusikiliza kwa bluetooth. Ni rahisi, lakini inaubana wimbo na kupoteza sauti ndogo ndogo ndipo iurushe, hadi Minza anasikika kama anaimba ndani ya debe. Leo nikasema hapana, ni wai-fai.

"Masanja, utamaliza bando!" Maduhu, mwenzangu wa dukani, akapiga kelele.

"Bando la nini, mwanangu? Wimbo umo kwenye simu. Simu na spika zinaongea zenyewe, intaneti haiguswi. Tulia umwone bingwa."

Wimbo ukaja mzima. Kabla hajaanza kuimba nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia humo: anavuta pumzi, halafu anacheka kidogo, kama siku ile ya kurekodi aliponisogelea ashike simu.

"Mbona unapangusa macho, bingwa?" Maduhu akauliza.

Nikamwambia ni vumbi la pamba. Na msimu wenyewe umeshaisha.

Tangu aondoke sijampigia. Naogopa atanicheka, au atapokea mwanaume mwingine, halafu mimi na mdomo wangu huu wote...

Bluetooth ilikuwa na nafuu yake. Kwa bluetooth nilimsikia mtu aliye mbali, nikakubali kwamba yuko mbali. Leo alipovuta ile pumzi, haki ya Mungu, niligeuka kumtazama.