Ugali wa Anayekuja Nyuma

Mama Eliza,

Habari za joto la Morogoro? Huku Ufipa baridi imeniingia hadi kwenye meno, na binti yako amevaa soksi zangu mikononi. Ulisema mtoto wa miaka mitano habebwi kwa baiskeli wakati wa mvua, nikakubishia. Haya, jana tukipanda mlima kutoka Kaoze, mvua ya mawe ilitukuta nikisukuma. Nilimfunika Eliza kwa turubai, nikakimbilia nyumba ya kwanza niliyoiona.

Mwenyeji, mama mmoja wa Kifipa, alitusogeza motoni. "Poleni jamani. Na mama yake mtoto?"

Kabla sijafungua mdomo, Eliza akajibu, "Yuko nyuma, anakuja."

Yule mama akasonga ugali wa ulezi, akatenga wako kwanza, na maharage yake, akafunika kwa sahani. "Huku anayekuja nyuma tunampakulia mwanzo, asije akala makombo."

Nilishindwa kumwambia kwamba ulikataa kuja. Tulikula mvua ikipiga bati, na kila upepo ulipogonga mlango, mama wa watu aliinuka kuchungulia njia.

Mvua ilipokatika alikufungashia. "Mkikutana naye, ale kabla haujapoa." Tumeula leo asubuhi hapa Sumbawanga, wa baridi.

Ukae salama, mke wangu, na usiwe unakula umesimama. Eliza hajambo. Tangu jana, kila kona anageuka kutazama nyuma, nami nimeacha kumkataza.

Baba Eliza