Maji ya Kwenda Perth

Jumanne, 3 Juni 2025

Baridi ya Doonside imenikamata magoti. Mkwe wangu Douglas amerudi na karatasi aliyoiprinti ofisini kwake Parramatta. Ananionyesha kwa kalamu: huu mstari ni wastani wa mishahara ya Australia nzima. New South Wales yetu imekaa pale pale kwenye mstari. Western Australia, jimbo la Perth, iko juu. Kwa hivyo, Baba, tukihamia Perth sote tunapanda.

Nikamuuliza huyo Wastani ni nani, na ana watoto wangapi. Hakucheka. Binti yangu Mutanu alicheka, lakini macho yalibaki kwenye karatasi.

Jumapili baada ya kanisa wanataka niwabariki kwa maji ya kupuliza kutoka kinywani, kama kwetu Machakos. Na mimi niko kwenye mizigo. Sikuulizwa.

Alhamisi, 5 Juni

Treni mbili mpaka Merrylands, kwa Nibigira, mjane wa Kirundi. Tunacheza drafti. Siendi kwa ajili ya drafti peke yake — daftari, wewe nyamaza.

Anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee, kazi ile ile ya Mutanu. Nikampa habari ya karatasi. Akala kwanza kete zangu mbili, ndipo akasema dada yake yuko Perth, anaogesha wazee vile vile, na kiwango cha mshahara ni kimoja nchi nzima, mpaka senti.

"Ile pesa mingi iko ya watu wa migodi, Mzee Ephraim. Wewe unajua kuchimba?"

"Viazi."

Kumbe! Mtu wa mgodi na binti yangu wametiwa sufuria moja, wakakorogwa, wakaitwa wastani. Lakini nyama ni ya yule wa mgodi.

Alipokuwa ananimiminia chai akasema, bila kuniangalia, kwamba Perth ni mbali sana. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi.

Jumamosi, 7 Juni

Mutanu ameandika barua ya kuacha kazi. Iko kwenye simu. Ataituma kesho, tukimaliza mambo ya maji. Douglas bado hajapata kazi huko. Wanategemea mshahara wa Mutanu, eti utapanda.

Nilifungua mdomo jikoni nimwambie kwamba kiwango ni kile kile. Nikaufunga. Je, ningekuwa na haraka ya kusema haya kama Nibigira angekuwa anakaa Perth?

Nimekula mandazi manne nikiwaza.

Jumapili, 8 Juni

Naandika nikiwa chooni. Maji ya baraka bado yamo mdomoni.

Walipiga magoti sebuleni, Douglas na tai yake ya kanisani. Nikajaza kinywa. Kilichobaki ni kuwapulizia kifuani, ndipo niseme nendeni salama. Nikaona Mutanu ameshika simu, kidole gumba kiko tayari juu ya barua. Miguu ikanileta huku yenyewe, mashavu yamevimba kama chura.

Nikimeza, nitakuwa nimewanyima baraka. Nikitema kwenye sinki, kwetu hiyo ni laana. Nikiwapulizia, wamekwenda. Na maji yakiwa humu siwezi kusema neno.

Douglas anasema ni tumbo, ni yale mandazi. Mutanu amegonga.

"Baba, uko sawa?"

Nimegonga ukuta mara moja. Sijui hiyo ni ndiyo au hapana.

Sasa anaongea polepole, mdomo karibu na mlango, Douglas asisikie.

"Baba, kama kuna kitu unajua, niambie kabla sijatuma."

Maji yamekuwa vuguvugu. Naangalia sinki.