Turubai la Upande Usio na Mlango

Jumapili, Juni 2016

Wametuletea turubai la upande wa kulia tena! Mlango wa karavani yetu, kibanda cha kukokotwa na gari, uko kushoto, na hili ni turubai la pili wanalokosea. Ukilifunga, linakinga ukuta mtupu.

Muuzaji wa karavani kanijibu, "Eish, mama, wamekosea kiwandani." Nikapiga simu kiwandani. "Rudi kwa muuzaji, mama." Nimechoka kupigwa danadana.

Na mwezi ukiandama kesho, Ramadhani ndiyo hiyo. Karavani tuliinunua ili tuuze futari nje ya msikiti hapa mtaani kwetu Mayfair. Kwa baridi hii ya kipupwe, nani atakaa nje bila kinga anywe uji?

Mchana mume wangu, Omari, akalifunga vivyo hivyo. Jioni nikamkuta uani na msumeno, anachora mraba kwenye ule ukuta mtupu, chini ya turubai.

"Dirisha," akasema. "Tutapakulia hapa."

"Ukikata, dhamana imekufa."

"Dhamana ya nani? Ya muuzaji au ya kiwanda?"

 Nikamshikia tochi.